Neno "Namba" na Kizazi Chake: Uhakiki wa Maelezo ya Kamusi kwa Ushahidi wa Korogwe na Handeni

Katika maneno yote ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiingereza, huenda hakuna linalotumiwa mara nyingi na kuulizwa mara chache kama neno namba. Mtoto wa darasa la kwanza analijua. Karani, dereva, mchezaji wa mpira na mgonjwa anayengoja zamu yake hospitali, wote huwa wamekwisha kulitamka kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa ni neno jepesi hivyo, watunga kamusi wetu hulipita mbio. Huandika kwamba asili yake ni Kiingereza, hulipa kisawe kimoja au viwili, kisha huendelea na neno lifuatalo. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mbio hizo zimetupotezea jambo kubwa, na kwamba mtu atakaye kujua neno hili limefanya kazi gani katika Kiswahili hana budi kulitafuta, si shuleni wala afisini, bali katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na Handeni, ambako lilizaa neno manamba.

Yafaa tuanze na mzazi. Neno la Kiingereza, number, lenyewe ni mgeni katika lugha hiyo. Lilitoka Kifaransa, nombre, nacho Kifaransa kililirithi kwa Kilatini, numerus. Sauti b haimo katika neno la Kilatini. Ilizaliwa vinywani mwa Wafaransa wakati irabu ya katikati ilipodondoka, m na r zikakutana, na ulimi ukatia b ya kuvukia, kama vile neno la Kilatini camera lilivyokuwa chambre. Jambo hili si pambo la makala. Wajerumani, ambao neno lao halikupita njia hiyo, husema Nummer, pasipo b. Kwa kuwa wao ndio waliotawala bara hili hadi Vita Kuu ya Kwanza, na mashamba ya kwanza ya mkonge yalikuwa yao, mtu angeweza kudhani kwamba neno la mashambani lilitoka kwao. Hiyo mb ya namba yakataa. Tena mb ni sauti ya nyumbani kwetu, imo katika mbuzi na jambo na kamba, na ndiyo sababu neno hili lilikaa barazani mara moja bila ya kuonekana ugeni wake.

Umbo la nambari nalo lataka kusemewa, maana limezua ubishi usio na msingi. Wako wasemao, hasa Kenya na Zanzibar, kwamba nambari ndilo Kiswahili safi na namba ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwa kweli maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mwingereza wa kusini hatamki r mwishoni mwa neno. Aliyelisikia kwake alisikia namba, kama tulivyosikia raba na sweta. Mhindi, aliyelichukua neno hilohilo la Kiingereza katika lugha zake, huitamka r waziwazi. Aliyelisikia dukani, bandarini au katika kituo cha reli kutoka kinywa cha Mhindi alisikia nambar, akaitia irabu ya mwisho kama desturi yetu ilivyo. Mfano wake ni dokta na daktari. Mwandishi wa makala haya aliporudi kutoka masomoni ng'ambo aliitwa dokta na wenzake chuoni na daktari na wazee kijijini, nao wazee wakamwomba dawa. Hivyo ndivyo ndugu wawili wa asili moja wanavyoweza kugawana kazi. Namba na nambari hayakugawana kazi, yamegawana nchi tu.

Sasa tuje kwenye maana, ambako ndiko kamusi zilikokosea hasa. Number la Kiingereza ni neno lenye vyumba vingi. Ni idadi ya vitu. Ni tarakimu iliyoandikwa. Ni toleo moja la jarida. Ni wimbo mmoja kati ya nyimbo za tamasha. Katika sarufi ni umoja na wingi. Katika ushairi wa kale wa Waingereza lilikuwa jina la mizani yenyewe. Katika Biblia yao ni jina la kitabu tunachokiita Hesabu, kwa sababu ya sensa ya Waisraeli iliyomo. Kilatini kilikwenda mbali zaidi: numerus liliweza kuwa kikosi cha askari, na vikosi vya watu wa mataifa yaliyo pembezoni mwa dola ya Rumi viliitwa kwa neno hilo. Yaani Warumi nao waliwahi kuwaita watu "hesabu".

Neno hili lilipofika kwetu halikukuta nyumba tupu. Kiswahili kilikuwa na idadi, hesabu, jumla na tarakimu, yote kutoka Kiarabu, na kabla ya hayo kilikuwa na kitenzi chake chenyewe, kuwanga, ambacho kamusi za karne ya 19 zakitaja kwa maana ya kuhesabu, na ambacho leo wengi wakijua kwa maana ya uchawi peke yake. Namba lilipewa chumba kimoja tu kilichokuwa wazi, nacho ni hiki: alama ya kukitambulisha kitu kimoja miongoni mwa wenzake wanaofanana nacho. Twasema idadi ya watu, hatusemi namba ya watu. Twasema namba ya nyumba, namba ya gari, namba ya simu, namba ya mtihani. Katika kila mfano hapana kinachohesabiwa, kuna kinachotambuliwa. Hata sheria zetu zafuata njia hiyo: tunaandika Sheria Na. 5 ya 1999 kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na kifupisho hicho Na. ni chetu wenyewe, hakikunakiliwa No. ya Waingereza, ambayo ni ya Kilatini. Wale vijana wa siku hizi waandikao magazetini "namba kubwa ya wananchi" wametafsiri chumba cha Kiingereza ambacho namba letu halikupangishwa. Namba, basi, si kisawe cha idadi wala cha hesabu, na kamusi ikiyapanga maneno haya matatu kana kwamba ni mamoja yampoteza msomaji.

Tukiisha kulishika hilo, neno manamba lafunguka lenyewe.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Vichipukizi elfu moja vilisafirishwa kutoka Florida, vikafika 62 tu vikiwa hai, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata: Hale, Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na mengineyo, na ng'ambo ya kusini, upande wa Handeni, Kabuku. Taabu ya wenye mashamba tangu mwanzo haikuwa ardhi, ilikuwa watu. Wasambaa, Wazigua na Wabondei walikuwa na makonde yao, nao waliona afadhali kulima mahindi na kuwauzia wenye mashamba chakula kuliko kuwauzia siku zao. Mwaka 1907 serikali ya Wajerumani iliwapa watu wa Usambara kadi za kuwalazimisha kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza walipokuja, kipande cha siku 30 kikawa ndicho kipimo cha kazi, na watu wakaendelea kutafutwa mbali: Unyamwezi na Usukuma, Uha na Urundi, Ubena na Ungoni, hata Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, lililojulikana kwa kifupi SILABU, likawa likiwachukua watu kwa mikataba na kuwasafirisha hadi Tanga. Habari hizo zimechambuliwa vema na Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago katika kitabu chao kilichotolewa Hamburg mwaka 1983, nami sina la kuongeza upande wa historia. Langu ni neno.

Mtu aliyeandikishwa alipewa namba. Kwa namba hiyo alipandishwa gari, akapangiwa kambi, akaitwa asubuhi na mnyapara, akalipwa au asilipwe. Tena kazi yenyewe ilikuwa ya hesabu tupu: majani 30 ya mkonge yalifungwa kuwa tita moja, matita yakahesabiwa kuwa kazi ya siku, na siku 30 zikajaza kipande. Hesabu hizo zote Kiswahili kilizipa majina ya kawaida. Mtu peke yake ndiye aliyeitwa kwa neno la kutambulishia mali.

Msomaji aijuaye nchi hiyo ataona ajabu yake. Katika Uzigua, na hata kuvuka mto Pangani hadi Korogwe, mahali hupewa jina la mtu. Angalia ramani: Kwamsisi, Kwamatuku, Kwamkono, Kwamdulu, Kwamndolwa. Hiyo kwa ya mwanzo ni kama kusema "nyumbani kwa fulani". Mtu alifika, akafyeka, akakaa, na kijiji kikabaki na jina lake hata baada ya kaburi lake kusahauliwa. Katikati ya nchi hiyo yenye desturi ya kuipa ardhi majina ya watu, yakaja mashamba yaliyowapa watu namba. Sidhani kama mwenyeji wa Handeni alihitaji kufundishwa dharau iliyokuwamo katika neno manamba. Kwa mazoea ya lugha yake, mtu asiyeweza kutajwa kwa jina ni mtu asiye na kwao.

Sarufi ya neno hili yasema vivyo hivyo. Kiambishi ma- ndicho tunachokitumia kwa wingi wa watu wa kazi nyingi zilizoletwa na wageni: makarani, madereva, madaktari, mabwana. Umoja wake ni karani, dereva, daktari, bwana. Kwa kanuni hiyo tungetarajia namba mmoja, manamba wengi. Hakuna asemaye hivyo. Twasema manamba mmoja, manamba kumi, manamba amekuja, manamba wamekuja. Wingi ndio uliozaliwa kwanza, kwa kuwa watu hao walifika kwa makundi na kutajwa kwa makundi. Baadaye, ilipolazimu kumsema mmoja wao, lugha haikurudi nyuma kumtafutia umoja, ilimwacha avae wingi wa wenzake. Kwa sababu hii, kamusi ipangayo nomino kwa herufi yake ya kwanza, kama ifanyavyo Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu toleo lake la 1981, yaweka namba chini ya N na manamba chini ya M, kurasa nyingi kati yao, na msomaji asiyeambiwa hawezi kukisia kwamba la pili ni mtoto wa la kwanza. Kamusi ya Bwana Johnson ya mwaka 1939, ambayo ilikusanya minyambuliko chini ya shina, ilikuwa na mpango bora kwa vitenzi, lakini mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya nomino za mkopo zinazozaa namna hii.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la mpangilio. Maelezo ya kawaida ya manamba hulifanya kuwa jina la mtu: kibarua wa mkataba katika shamba kubwa. Ni kweli, lakini ni theluthi moja ya kweli. Sikiliza jinsi neno hili linavyosemwa na watu wa makamo katika mikoa walikotoka vibarua hao. Husema babu alikwenda manamba. Fulani alichukuliwa manamba. Alirudi kutoka manamba akiwa na baiskeli. Hapo manamba si mtu kabisa. Ni kazi, ni hali, tena ni mahali. Muundo wake ni ule wa kwenda jando au kwenda jeshi: mtu huondoka kwao, huingia katika mpango usio wake, na akirudi watu humtazama kwa macho mengine. Korogwe na Handeni muundo huo hauna nafasi, na sababu yake ni wazi: mwenyeji wa Korogwe hawezi "kwenda manamba", kwa kuwa manamba ni kwake. Yeye hulitumia neno kwa mtu tu. Hivyo neno moja lina maana ya mahali kwa wale walioliondokea, na maana ya mtu kwa wale waliopokea wageni. Mtunga kamusi aliyekusanya matumizi ya pwani peke yake amesikia upande mmoja wa reli.

Hili si suala la maneno matupu. Mkonge wa Tanganyika ulifikia kiasi cha tani 230,000 mwaka 1964. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Mavuno yakaporomoka hata kufikia takribani tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1998 mashamba ya serikali yakabinafsishwa. SILABU ilikwisha kufungwa zamani, katika miaka ya 1960, na mikataba yake ikafa nayo. Watu hawakufa. Wengi walibaki, wakaoa, wakazika, na wajukuu wao ni wazaliwa wa Korogwe wasiojua Kiha wala Kibena. Lakini litokeapo shauri la mpaka wa shamba, au uchaguzi wa serikali ya kijiji, neno bado liko karibu. Mzee mmoja mwenye asili ya Uha, ambaye nilikuwa nikimuuliza habari za maneno ya kambini, alinijibu yote kwa ukarimu, kipande, mnyapara, posho, na korona, ambalo huko ni jina la mashine ya kusindika mkonge, lililotokana na mashine za Kijerumani za Corona, wala halihusiani na maradhi ya mwaka 2020. Nilipofika kwenye manamba alinyamaza kidogo, kisha akaniomba niandike kwamba yeye alikuja kwa mkataba. Nikaandika. Kamusi isemayo "kibarua wa mkataba" bila ya kuongeza kwamba neno hili hudunisha, imempa mwanafunzi kisu ikamwambia ni kijiko.

Yupo atakayesema kwamba kila jina la kazi duni hugeuka tusi, na kwamba hapa hapana jipya. Namjibu kwa neno kibarua. Nalo asili yake si mtu: ni barua ndogo, hati aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili aionyeshe na kulipwa. Hati ikampa mwenye kuishika jina lake, sawasawa na namba ilivyofanya. Hata hivyo leo mwalimu, mhandisi, hata mhadhiri, atasema bila haya kwamba anawahi kibaruani, au kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Kibarua limepanda, manamba halikupanda. Tofauti, nionavyo mimi, ni kwamba hati ilishikwa mkononi na mwenyewe na ilikuwa madai yake juu ya tajiri. Namba ilikuwa madai ya tajiri juu yake. Mtu hujivunia kinachomdai mwingine.

Nairobi neno hili lina maisha mengine. Huko manamba ni kijana wa matatu, anayeita abiria na kutangaza namba ya njia. Wapo wanaotaka kumfanya mjukuu wa manamba wa mkonge. Mimi sioni ulazima. Viungo ni vilevile, ma- na namba, lakini namba ya Nairobi ni ya gari, si ya mtu. Kijana yule huiita namba, haitwi kwayo. Dalili nyingine ni kwamba Dar es Salaam, iliyo karibu zaidi na Korogwe, haina jina hilo katika daladala zake: ina konda, utingo na mpiga debe. Mashina mawili yaweza kuota kutokana na mbegu za namna moja bila ya moja kuwa mzizi wa jingine, na katika jambo hili wataalamu wetu wa lugha ya mitaani wamefanya haraka.

Matumizi mapya ya namba yenyewe nayataja kwa ufupi, kwa kuwa yote yanakaa katika chumba kile kimoja nilichokieleza. Mchezaji "aliyepata namba" amepata nafasi yake miongoni mwa kumi na mmoja. "Namba D" ni gari lililosajiliwa katika mfululizo wa herufi hiyo, na wauzaji huipandishia bei. "Kuisoma namba", msemo ulioenea sana katika mwaka 2015 na 2016 kwa maana ya kupata taabu, kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi ni hali ya dereva aliyepitwa, ambaye hakubakiwa na kazi ila kusoma kibao cha gari lililo mbele. Hakuna hata moja kati ya haya lenye maana ya idadi.

Kwa hiyo napendekeza kitomeo cha manamba kiandikwe hivi. Kwanza kionyeshe kwamba ni nomino isiyobadilika umbo, yenye upatanisho wa a- na wa-, iliyotokana na namba kwa kiambishi ma-, na chini ya namba kuwe na mwelekezo wa kuja huku. Kisha maana ya kwanza: mtu aliyeandikishwa kwa mkataba na kupewa namba ili afanye kazi katika shamba kubwa, hasa la mkonge, wakati wa ukoloni. Maana ya pili, yenye alama ya kudunisha, inayosikika Tanga: mhamiaji au mzao wa mhamiaji huyo. Maana ya tatu, inayofuata vitenzi kwenda, kuchukuliwa na kurudi, na isiyochukua upatanisho wa mtu: kazi hiyo, au mahali ilikofanywa. Maana ya Nairobi ipewe kitomeo chake peke yake, na alama ya Kenya. Kitomeo cha kibarua nacho kirekebishwe vivyo hivyo, kielekezwe kwenye barua.